Breki za Fungate

Mke wangu Zuhura hakula fungate. Tulioana miaka ishirini nyuma, kesho yake nikarudi dukani, na hilo hajanisamehe. Basi nilipomwona mgeni mmoja anauza kijumba cha magurudumu cha kukokotwa na gari, kitanda ndani, jiko ndani, nikakinunua pale pale. Tutakwenda Makunduchi, siku saba kamili!

Asubuhi ya safari tulitoka Mji Mkongwe, tukapitia Mtoni kwa fundi Saidi. Akachungulia chini, akaguna.

"Breki za gari zimechoka, tubadilishe. Na kijumba kina breki zake, ila waya zimekatwa. Nipe siku mbili."

"Siku mbili! Unguja ina mlima gani, fundi?"

"Baba Salma, msikilize mwenzio," Zuhura akasema.

Mimi na ujuba wangu, nikawasha gari.

Hadi Tunguu mambo yalikuwa shwari. Watoto wakitupungia, nami nikiwajibu kwa honi. Zuhura kang'ang'ania kishikio cha mlango.

Mbele kidogo ya Tunguu pana kijimteremko ambacho miaka yote sikukitambua. Chini yake watu wamebeba jeneza, wanavuka barabara, na magari yote yamesimama kuwapisha. Nikakanyaga breki. Gari lilitaka kusimama, kijumba hakikutaka. Kikatusukuma, sahani zikavunjika nyuma, Zuhura anapiga shahada, mimi nimekanyaga kwa miguu yote miwili. Tukasimama hatua mbili tu kutoka kwa mtu wa mwisho.

Mzee mmoja akaja dirishani.

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba. Mwanangu, leo tuna wa kuzika mmoja tu. Anatosha."

Wallahi, nilitamani ardhi inimeze! Nikaegesha pembeni, nikawafuata, nikapokea jeneza begani kama wanaume wanavyopokezana. Karibu na makaburi, wa mbele wakasimama ghafla. Sisi wa nyuma nasi tukasimama, kila mtu kwa miguu yake, hakuna aliyemsukuma mwenzake. Hapo ndipo nilipomwelewa fundi Saidi.

Niliporudi, Zuhura kakaa juu ya jiwe, mkoba mapajani.

"Sipandi."

"Hata nikienda polepole?"

"Hata ukilisukuma kwa mkono."

Nikampigia fundi, akaja na vifaa vyake. Yule mzee akatupa nafasi uani kwake, na mkewe akatuletea chai na mihogo. Kazi ilichukua siku mbili zile zile nilizomnyima.

Siku ya tatu nikalirudisha gari juu ya mteremko makusudi. Zuhura akapanda, mkono kwenye kishikio. Tukateremka, nikakanyaga. Gari likasimama, na kijumba kikasimama chenyewe.

"Haya," nikasema, "fungate imebaki siku tano."

"Saba. Za Tunguu hazihesabiki."

Zikawa saba kweli. Na njia nzima ya kurudi mjini mikono yake yote miwili ilikuwa na kazi nyingine: alikuwa akinimenyea machungwa.