Bango Lililomfukuza Mjane wa Masanze

Saa moja asubuhi mjini Kilosa, Ditram Simoni yuko juu ya ngazi, kopo la rangi limening'inia kwenye msumari. Anafuta mizani. Aliichora mwenyewe miezi minane iliyopita, akasifiwa, na leo anaifuta kwa mkono ule ule.

"Ilikuwa nzuri," anasema bila kugeuka. "Uzuri wake ndio ulioniponza."

Bango ni la kituo cha msaada wa sheria, wanakosaidiwa bure wasio na uwezo wa kuweka wakili. Ditram, mwenye miaka 46, ni mtoto wa kibarua wa reli. Naye aliandika namba kwenye mabehewa kwa miaka kumi na saba, hadi alipopunguzwa kazini mwaka 1994, miaka mitano iliyopita. Tangu hapo anaishi kwa brashi, akiandika majina ya maduka, vinyozi na mashine za kusaga kutoka Mikumi hadi Dumila. Bango moja humpa shilingi elfu nane, na mwezi wa mabango manne ni sikukuu nyumbani kwake.

Kituo kilimwomba alama ambayo hata asiyejua kusoma ataielewa. Akachora mizani, kama alivyoiona kwenye vitabu vya sheria. Mwinshehe, msaidizi wa sheria kituoni hapo, akaipigia makofi. Hakuna aliyekumbuka kumuuliza mkulima.

Tangu biashara ya pamba iachiwe watu binafsi, wanunuzi huja kila msimu na mizani yao. Mkulima anafika na mzigo wa kilo themanini, mizani inasema sitini. Huku mizani haijawahi kuwa haki ya mtu.

Mwezi Januari Verdiana, mjane wa miaka 63 kutoka Masanze, alikuja mjini kukitafuta kituo hicho. Shemeji yake alikuwa amechukua ekari tatu alizoachiwa na marehemu mumewe, na hukumu ya kwanza ikampa shemeji ushindi. Mama huyo alikuwa na siku thelathini za kukata rufaa. Akafika hadi mlangoni, akapita.

"Niliona mizani," anasema. "Nikajua ni wale wale wezi wa pamba. Sikutaka hata kuuliza."

Alirudi wiki iliyofuata kukitafuta kituo, akapita tena. Jirani yake alipokuja kumshika mkono na kumwingiza ndani, siku zilikuwa zimekwisha.

Mwinshehe alipomsimulia, Ditram aliweka brashi chini. Alipanda baiskeli hadi Masanze.

"Shikamoo, mama. Mimi ndiye niliyechora lile bango."

"Marahaba, baba. Umefuata nini tena?"

"Nimekuja unifundishe kuchora."

Verdiana akavuta benchi, akaketi upande mmoja na kumwonyesha upande wa pili. "Kaa. Anayetaka kusikia shida ya mwenzake, kwanza hukaa."

Hilo benchi ndilo analolichora leo: watu wawili wameketi, wamegeukiana, hakuna aliye juu ya mwenzake. Safari hii hakukimbilia ukutani. Aliichora picha kwenye boksi, akaizungusha sokoni kwa watu ishirini na sita wasiojua kusoma, akiwauliza ndani ya nyumba yenye picha hii kuna nini. Wawili walisema ni posa, mmoja akasema ni zahanati. Waliobaki walisema mtu anasikilizwa.

Lakini majuto ni mjukuu. Mwinshehe amemwandikia Verdiana ombi la kuruhusiwa kukata rufaa nje ya muda, na Ditram ameapa kwa maandishi kwamba bango lake lilimpotosha mama huyo. Ombi litasikilizwa mwezi ujao. Shemeji, wanasema, ameshaanza kusafisha shamba.

Ditram anashuka, anaosha brashi. Kwa kawaida huandika jina lake kwenye kona ya chini ya kila bango. Kona ya hili iko tupu, na mwenye duka jirani anamkumbusha.

"Sijasahau," anamjibu. "Nitaliandika siku mama yule atakapolima shamba lake."