Kibodi Iliyonuka Miguu

Mwaka jana nilifungua laptop ya mteja, ikanuka miguu.

Sisemi ilinuka vumbi. Sisemi ilinuka panya aliyekufa, hiyo nimeizoea. Ilinuka miguu ya binadamu, miguu iliyoshinda ndani ya raba bila soksi, halafu ikapakwa mafuta juu yake.

Kama unakula, malizia kwanza.

Mimi ni fundi kompyuta, mwanamke, mwaka wa tisa sasa kwenye kibanda hikihiki kilichobanana na duka la dawa. Nimeshatoa mende ndani ya printa. Nimeshatoa kucha, kucha za mtu alizojikatia kazini, chini ya vitufe vya laptop ya ofisi. Watu wachafu, jamani! Wanavaa suti, wananukia, ukifungua kompyuta zao unataka kulia.

Lakini Jumanne ile nilishindwa. Nilitoka nje nikatema mate.

Aliyeileta alikuwa fundi rangi, mwanamume mpole, suruali yake ina matone ya kila nyumba aliyowahi kuipaka. Aliiweka mezani kwa mikono miwili, taratibu.

"Fundi, feni inapiga kelele na vitufe vinakwama. Naomba uisafishe. Mwenyewe ana mtihani Ijumaa."

"Mwenyewe nani?"

"Mwenyewe tu," akasema, akaangalia chini.

Nikasonya kimoyomoyo. Mtu mzima anamsingizia "mwenyewe"! Nikajua ni yake, anaona haya kusema.

Kibodi yenyewe kituko. Kila herufi ilikuwa imeandikwa upya kwa brashi, kubwa, nyekundu, kwa rangi ile ya kupakia mageti. Juu ya rangi kulikuwa na utando mzito wa mafuta, umenasa vumbi na nyuzi za mkeka. Nyuzi za mkeka! Nikajiuliza, huyu anaila hii kompyuta au analala juu yake?

Hapa lazima niwaeleze kuhusu ukurasa wangu, maana bila huo nisingejidhalilisha.

Nina ukurasa mtandaoni unaitwa Mashine Choka. Napendekeza magemu ya bei nafuu kwa wenye kompyuta dhaifu. Wewe mwenye RAM ya giga mbili, ukiwasha tu mashine inakoroma, mimi ndiye mtu wako. Gemu la bei ya soda, lisilojaza diski, lisilodai kompyuta ya kitajiri. Watu elfu ishirini na kitu wananifuata. Na chini ya kila pendekezo naandika: Nimejaribu mwenyewe.

Uongo mtupu.

Mashine yangu ya nyumbani ni jini, hakuna gemu linaloisumbua. Kompyuta choka kwangu ni za kufungua, kusafisha na kurudisha kwa mwenyewe. Sijawahi kucheza chochote kwenye hizo takataka. Aliyekuwa anajaribu ni mfuasi mmoja anayejiita polepole.

Polepole alianza kwa kuuliza: "nina mashine ya giga mbili. nataka gemu la bei ndogo, lisitumie kipanya, litumie kitufe kimoja tu."

Nikamjibu ovyo, nikamtajia matatu niliyosoma mahali.

Wiki moja baadaye akarudi na majibu. La kuruka mashimo linakwenda vizuri ukipunguza ukubwa wa picha. La shamba linakwama mvua ikinyesha, ingia kwenye mipangilio uizime mvua. La kupanga matofali halina neno, ila zima muziki. Wiki iliyofuata, matatu mengine. Mwaka mzima! Akatoka magemu ya kitufe kimoja, akaingia ya vitufe viwili, ya vinne, mpaka akafika kwenye lile la kuchapa maneno kabla hayajaanguka chini.

Na siku zote herufi ndogo, hata mwanzo wa sentensi. Nilidhani ni uvivu.

Mimi kazi yangu ilikuwa kunakili majibu yake, kuweka picha nzuri na kusema nimejaribu mwenyewe. Sifa zikaja kwangu. Sikumtaja hata siku moja.

Haya, turudi kwenye uvundo.

Nimevaa glavu na barakoa, nimeshika spiriti, nikasema haya mateso sitayabeba peke yangu. Nikaipiga picha kibodi, herufi zake nyekundu na utando wake, nikaposti:

"Wafuasi, nina mteja kibodi yake inanuka MIGUU. Sijui anaandika kwa kukanyaga? Uchafu mwingine ni ugonjwa. Tajeni dawa."

Saa saba mchana komenti zilikuwa zimepita mia nne. Mmoja alisema ichomwe moto. Mwingine akasema aoshwe mwenye mashine, tena kwa dawa ya choo. Na mimi nawachochea, naongeza kuni, najiona mchekeshaji. Nikikumbuka leo, napata kichefuchefu kikubwa kuliko cha ile harufu.

Ikaingia komenti moja, herufi ndogo.

"fundi ni kweli ni miguu. mashine ni yangu. samahani kwa kukusumbua."

Polepole.

Nikasoma mara tatu. Nikajipa moyo kwamba anatania. Walio chini yake nao wakaona utani, wakamwekea vikatuni vya kuziba pua.

Saa kumi fundi rangi akaingia kibandani. Hakusalimia.

"Naomba mashine."

"Kaka, bado sijaifunga, nipe mpaka..."

"Ifunge. Amesema haitaki tena."

"Nani haitaki?"

"Mke wangu."

Akavuta kigoda akakaa, bila kukaribishwa. Sauti yake haikupanda hata kidogo, na hiyo ndiyo iliyoniumiza.

"Alikuwa karani, mpiga chapa. Gari lao lilipinduka, sasa miaka miwili, mikono yote miwili haifanyi kazi. Anachapa kwa vidole vya miguu, fundi. Mashine iko chini kwenye mkeka, yeye yuko juu ya kiti. Hizo herufi nimemchorea mimi azione kutoka pale. Miguu inamkaza, kwa hiyo namchua kwa mafuta kila siku. Ndiyo hayo uliyoyanusa."

Nikaiweka chini chupa ya spiriti.

"Magemu alianza nayo ili kuvifundisha vidole. Ijumaa anapimwa kwa kazi, kusikiliza rekodi na kuandika watu wanachosema, kazi ya kufanyia nyumbani. Posti yako ameisoma kwenye simu, akaijibu kwa kidole kilekile, na sasa amesema haendelei. Amekaa anatazama ukuta. Ameniambia neno moja tu: kumbe wananinusa."

Kumbe wananinusa.

"Kwa nini hukuniambia?" nikauliza, swali la mjinga aliyebanwa.

"Alinikataza. Hataki huruma ya mtu. Alitaka fundi."

Nikamwomba aniachie mashine mpaka kesho. Akaniandikia wanapokaa, akaondoka.

Nikaifuta ile posti. Ila matusi yakishasomwa yamesomwa. Nikang'oa kitufe kimoja kimoja nikasafisha, nikizunguka rangi yake nyekundu nisiikwangue. Nilipofika kwenye kitufe cha herufi kubwa nikasimama. Kile lazima ukibonyeze pamoja na kingine. Mwaka mzima nilimdhani mvivu, kumbe kidole cha pili kilikuwa hakifiki! Nilijionea kinyaa, wallahi. Glavu nilishazivua, zilikuwa hazina maana tena.

Jumatano asubuhi nikabisha hodi.

Ni chumba safi kuliko changu. Mkeka, kitanda, kiti cha mbao, dirisha kubwa. Kitini kuna mwanamke wa rika langu, nywele zimesukwa vizuri, kucha za miguu zimekatwa fupi. Mume akapokea mashine, akaiweka chini kwenye mkeka.

"Dada, nimekuja kuomba radhi."

"Umekuja kuomba au umekuja kuona?"

"Kuomba. Na kusema kwamba ule ukurasa, yale mapendekezo..."

"Ni yangu. Najua. Mikono ndiyo imekufa, macho yapo." Hakucheka. "Kila wiki nasoma maneno yangu chini ya jina lako. Nikasema si neno, kuna mtu mwenye mashine mbovu atafurahi. Wewe ulijaribu hata gemu moja?"

Jamani, nilitamani ardhi ipasuke.

"Hapana."

"Vua viatu."

"Ati?"

"Vua viatu, soksi pia. Kaa kwenye kiti changu. Cheza lile la kuruka mashimo, la kitufe kimoja. Si ulijaribu mwenyewe?"

Mume akamsaidia kusogea kitandani. Nikakaa. Nikanyoosha mguu, nikabonyeza, nikatumbukia shimo la kwanza.

"Tena."

Nikatumbukia. Dole gumba linabonyeza vitufe vitatu kwa mpigo. Paja linatetemeka. Mara ya tano msuli wa nyuma ya mguu ukakaza, nikapiga yowe. Mara ya kumi na moja jasho linanitoka, na shimo la kwanza bado ni lilelile. Mume alikuwa amegeukia dirishani, mabega yanamcheza.

"Fundi," akaita dada.

"Abee."

Akainama kidogo kuelekea mkekani, akavuta pua.

"Hata yako inanuka."

Na kweli ilinuka! Viatu vya plastiki, jua, mwendo wa nusu saa. Harufu ileile niliyoiposti. Mume akashindwa kujizuia, akaangua kicheko. Dada akafuata. Mimi nilicheka na machozi yananitoka, na sikucheka kwa raha.

Akaacha kucheka kabla yetu.

"Haya, toka kwenye kiti changu. Kesho kutwa nina mtihani, umenipotezea siku nzima."

Nikashuka mbio. Hakuniambia amenisamehe, na mpaka leo hajaniambia. Aliomba kitu kimoja tu: yale maneno ya uongo yaondoke kwenye ukurasa. Niliyaondoa yote, pendekezo moja baada ya jingine, na badala yake nikaandika: polepole amejaribu. Waliocheka walikuja kuuliza polepole ni nani. Nikawaambia ni mwenye ile kibodi. Wengi walinyamaza. Wachache walijitoa, na waende zao.

Ijumaa jioni simu ikalia. Ujumbe wa polepole kwenye ukurasa, neno moja.

"Nimepita."

Angalia vizuri. N kubwa.

Sasa wewe uliyesoma mpaka hapa ukitafuta funzo, sina la maana. Nilimzibia pua mtu aliyekuwa ananilisha sifa mwaka mzima. Nyani haoni kundule, na fundi hajinusi.

Kama mashine yako ni choka, anza na lile la kuruka mashimo. Punguza ukubwa wa picha. Polepole amejaribu. Mimi nilishindwa shimo la kwanza.