Reli ya Fundi Method

Watu wa Morotonga walimjua Fundi Method kwa mambo mawili: milango yake haikuwahi kukwama, na subira hakuwa nayo hata ya kungoja chai ipoe. Alikuwa seremala wa mabehewa huko Tabora kwa miaka kumi na sita. Aliporudi mwaka 1975 alikuta nyumba ya mama yake imehamishiwa kwenye mistari ya kijiji kipya cha ujamaa kama zetu sote, na mimi nimekabidhiwa watoto thelathini wa chekechea na chumba kitupu.

Ni yeye aliyejitolea kuwatengenezea reli, kwa kuwa hakuna hata mmoja aliyewahi kuona treni. Kwa mbao zilizobaki kwenye ujenzi wa ofisi ya kijiji akachonga vipande vyenye urefu wa mkono, vingine vimenyooka, vingine vimepinda, kila kimoja kina ulimi upande huu na tundu upande ule. Akachonga na injini. Mwenyekiti wetu, Mzee Mwikwabe, alinuna. Mbao zile alizitaka ziwe miguu ya mabenchi ya darasa. Mwishowe wakapatana: siku ya wazazi watoto waipange reli wenyewe, treni izunguke mara tatu bila kuanguka. Ikianguka, mbao ni za mabenchi.

Kila asubuhi, kwa wiki tatu, Fundi alichora sakafuni kwa mkaa pamoja na watoto: duara, yai, njia yenye kona nne. Watoto walikuwa hodari, hilo sikatai. Walibishana wapi papinde na wapi panyooke, wakachora upya, wakapanga. Pembeni waliweka mawe yao, eti ng'ombe, ambayo Fundi aliyafagia nje kila alipoyaona. Halafu mmoja akishaanza kuisukuma treni, Wegesa, mjukuu wake mwenyewe, anachomoa kipande kimoja. Kila siku ni kile kile cha upande wa mlangoni. Injini inaanguka puu, na Fundi anawaka.

"Wewe Wegesa! Nani amekutuma?"

Mtoto anayakusanya mawe yake. Nami nikamsimamisha ukutani, tena si mara moja. Nilichoka naye kabisa.

Siku ya wazazi treni ilizunguka mara ya kwanza, watu wakapiga makofi. Ikazunguka ya pili. Fundi jasho linamtoka. Wegesa akainuka, akachomoa kipande chake, injini ikaangukia miguuni pa Mwenyekiti.

"Kwa nini?" Fundi alipiga kelele mpaka sauti ikakatika. "Kwa nini, mtoto wewe?"

Wegesa akaanza kulia. "Jioni imefika, Babu. Ng'ombe wataingilia wapi? Umeziba mlango wa boma."

Kumbe katika wiki zote zile tulimuuliza nani kamtuma, tukamuuliza kama ana masikio. Kwa nini anachomoa, hatukumuuliza. Duara letu kwao lilikuwa boma, na boma lisilo na mlango nani amewahi kuliona?

Mzee Mwikwabe, mfugaji tangu utoto, alicheka mpaka akafuta macho. "Hata mimi ningechomoa," alisema. "Lakini tulipatana, Fundi." Mbao zikabebwa siku ile ile.

Nilimkuta Fundi ameketi kizingitini, mikono kichwani. "Mwalimu, mageti ya reli nimeyatengeneza Tabora kwa mikono hii. Ng'ombe wanavuka, geti linafungwa, treni inapita. Ingekuwa kazi ya asubuhi moja! Nyinyi mnaokaa na watoto hamuwaulizi kitu?"

Ilinichoma, kwa sababu mimi ndiye mwalimu.

Kilibaki kipande kimoja tu, kile ambacho Wegesa alikuwa amekificha ndani ya gauni. Fundi alikifanyia kazi siku mbili, bila kumsemesha mtu. Akaweka njia ya kuvukia na vijiti viwili vya kufunga na kufungua. Sijaona kazi nzuri kama ile. Akamletea mjukuu wake darasani.

Wegesa akafungua geti, akaswaga mawe yake yote yakavuka, akafunga. Akatazama kulia, akatazama kushoto.

"Babu, na reli iko wapi?"

Nyuma yake, kwenye mabenchi mapya, wenzake walikuwa wameikalia.