Mawenzi Upande wa Kushoto

Picha ndogo ukiikuza inavunjika. Kwenye kompyuta unaona vimraba kama sakafu ya vigae, na kadiri unavyoisogelea ndivyo unavyozidi kutoona kitu. Kazi yangu, miaka ile ya mwisho ya tisini, ilikuwa kuzichora upya picha za namna hiyo kwa mistari. Unaweka pointi, unavuta, unapinda, unaweka nyingine, mpaka umelizunguka umbo zima. Mchoro wa mistari hauna vimraba. Uchapwe kwenye kadi ya harusi au ubavuni mwa lori, kingo zake zinabaki kali vilevile.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nimeshahangaika Arusha na Tanga, nikarudi Moshi na kupata kibarua kwenye duka la uchapaji la familia moja ya Kihindi. Bosi, mwenyewe mzaliwa wa Moshi, alinipenda kwa subira yangu mbele ya kompyuta. Subira hiyo sikuwa nayo mahali pengine popote.

Mjomba wangu, kaka wa mama, alikuwa akiongoza watalii Marangu. Alianza kama mpagazi tangu kijana, akapanda cheo, lakini siku zote alipanda mlima kwa niaba ya kampuni za watu. Bei ya kahawa ilipoporomoka na biashara zikawa huru, aliamua kuwa na kundi lake: wapagazi wake, mpishi wake, na fulana zao. Fulana ndizo alizosisitiza. Alisema mgeni akishuka kwenye gari pale kwenye geti la kuingilia mlimani anakuta watu wengi wanaofanana, na wenye sare ndio wanaoaminika.

Akashuka mjini na slaidi, ile picha ya filamu iliyobanwa kwenye fremu ndogo ya karatasi ngumu, aliyotumiwa na Mjerumani mmoja ambaye yeye aliwahi kumpandisha mlimani. Ilipigwa uani kwa mjomba, juu ya migomba ya kihamba, shamba la ukoo linaloizunguka nyumba: vilele viwili vya Kilimanjaro, Kibo na theluji yake, Mawenzi na meno yake. Hakutaka mlima wa kwenye kalenda.

"Nataka huu ninaouona nikitoka kunawa uso," alisema.

Ilikuwa masika, na mlima wenyewe ulikuwa umezama mawinguni kwa wiki kadhaa. Nikaiweka slaidi kwenye skana. Kwanza nilijaribu njia ya mkato, ya kuiachia kompyuta ifuate mistari yenyewe. Ikaniletea vipande chungu nzima. Theluji na wingu vimeungana, migomba imekuwa madoa. Nikafuta, nikaanza kwa mkono. Kibo nilimmaliza haraka, maana ni mstari mmoja mrefu mlaini. Mawenzi ndiye aliyenitesa. Kila jino lilitaka pointi zake, na ukipunguza kidogo anakuwa kama mgongo wa ng'ombe. Tumekua tukisimuliwa kwamba Kibo alimtwanga kwa mchi kwa sababu alizidi kuja kuomba moto, ndiyo maana akachakaa vile. Nilichora kila pigo.

Mjomba alipokuja kuangalia, nilimsogezea kiti. Nikaukuza mlima mpaka jino moja likajaza kioo, kingo zake safi kama zimekatwa kwa wembe. Akavaa miwani, akasogea mpaka pumzi yake ikatia ukungu.

"Mwanangu," akasema, "nimewahi kulala chini ya jino hilo."

Akanishika bega, akaniambia nimwandikie MARANGU hapo chini kwa herufi nene. Bosi naye akaja, akatazama, akasema safi. Tulikuwa watu watatu tuliozaliwa tukiutazama mlima ule, na hakuna aliyeona kitu. Tulikuwa tunatazama ukali wa mistari.

Zikachapwa fulana nyeupe, mlima kifuani. Asubuhi ya kwanza mawingu yalipofunguka, mjomba aliwavisha watu wake wakaenda getini. Mimi sikuwepo, alinisimulia mwenyewe. Walifika wamenyooka kama kwaya ya usharika, na watu wakageuka kuwatazama. Kisha mpagazi wa kundi lingine akamsogelea kwa adabu zote.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba."

"Umehamia lini Loitokitok?"

Loitokitok iko upande wa pili wa mlima, Kenya. Huko ndiko Mawenzi anakaa kushoto na Kibo kulia. Kwetu Marangu, na Moshi yote, ni kinyume chake. Slaidi unaweza kuitazama upande wowote na picha ikaonekana. Niliiweka kwenye skana ikiwa imegeuka, na mlima ukageuka nayo. Getini palikuwa na kicheko asubuhi nzima. Walimwomba pasipoti. Walimuuliza bei ya unga Nairobi. Tangu siku hiyo jina lake likawa Mkenya, hata kanisani, na wapagazi wake wakazivua zile fulana mmoja mmoja, wakavaa masweta yao ya zamani.

Alipokuja dukani hakuwa na hasira, na hilo lilikuwa gumu zaidi kwangu. Alikuwa ameivaa fulana yake, ila ameigeuza, ndani imekuwa nje. Kitambaa kilikuwa chepesi na rangi imepenya. Mlima ulionekana hafifu, kama kitu kilicho nyuma ya pazia, na Kibo alikuwa kushoto. Pointi zangu zote zilikuwa zimerudi kuwa ukungu, lakini ulikuwa mlima wa nyumbani. MARANGU ilisomeka kinyumenyume.

"Wageni watatazama mlima," alisema. "Maandishi wataniuliza."

Aliniomba niugeuze ule mchoro kwenye kompyuta, ili akipata nafasi achapishe upya. Alidhani nitaanza tena jino kwa jino, akawa anaomba radhi kwa usumbufu. Nikamwambia ni kubonyeza mara moja.

"Mara moja tu?"

"Mara moja tu, mjomba."

Akacheka, kwa mara ya kwanza siku hiyo. Akasema wiki ijayo atashuka kuuona.

Wiki iliyofuata hakunikuta, na mchoro nilikuwa sijaugeuza. Kulikuwa na kazi Mwanza, rafiki alikuwa ameniitia, na basi lilikuwa linaondoka. Sikugombana na mtu. Miguu yangu ilikuwa hivyo tu. Kutoka Mwanza nikaenda Kigoma, kutoka Kigoma nikaenda Mbeya, na kila mji nilichora nembo za watu, mistari safi, pande sahihi. Bosi aliiuza ile kompyuta pamoja na kila kilichokuwamo. Kundi la mjomba halikusimama tena. Alirudi kwenye kampuni za watu mpaka magoti yakamkatalia. Mama aliniambia kuwa fulana aliendelea kuivaa akikamua ng'ombe, daima ikiwa imegeuzwa. Habari za kifo chake nilizipata Mbeya, ameshazikwa kihambani na watu wameshatawanyika.

Miaka kadhaa baadaye nilikuwa njiani kwenda Nairobi, nikalala Loitokitok. Kwenye begi nilikuwa na fulana moja ya majaribio, niliyoichukua dukani siku ninaondoka. Asubuhi nikaivaa, nikatoka nje. Hakukuwa na wingu hata moja. Mawenzi alikuwa kushoto, meno wazi, na Kibo kulia kwake. Hakufanana na mchoro wangu kwa kila kitu, lakini alikaa mahali nilipomweka.

Mama muuza chai alitazama kifua changu, akatazama juu, akatazama tena kifua.

"Hiyo ni mlima yetu," akasema. "Umeitoa wapi, imetoka vizuri hivyo?"

Nikamwambia ilichapwa Moshi. Akanimiminia chai. Nilikaa pale na fulana yangu, watu wakipita wakinisalimu, na hakuna hata mmoja aliyecheka. Nilitamani sana apite mtu mmoja tu wa kwetu, acheke.