Kigauni cha Shangazi

Shangazi yangu, Sista Malia Losa, ameweka nadhiri tatu, na ile ya ufukara ndiyo sisi ndugu zake tunayomvunjisha kila mwaka. Kule kwenye nyumba ya masista, mjini Neiafu, kazi yake ni kuosha masufuria. Kwetu sisi Watonga wa visiwani hakuna aliye juu ya dada wa baba. Kwa hiyo binti yangu alipotimiza mwaka mmoja, tulimkalisha Shangazi mbele ya watu wote, tukamrundikia mikeka bora, vitambaa vya magome ya miti na nguruwe mzima wa kuchoma.

"Nyie mna wazimu?" akafoka. "Nina kitanda kimoja na kabati kama jeneza!"

"Hayo kamwambie Mama Mkuu," mama yangu akamjibu. "Sisi hukutuuliza ulipoapa."

"Wifi, nyamaza."

Mama akarudi kunyoosha mikeka. Baba alikuwa barazani, maana kwa heshima kaka haketi pamoja na dada yake, lakini nilimwona mabega yakimtikisika kwa kicheko.

Shangazi akagawa vyote palepale: mikeka kwa majirani, nguruwe kwa wapishi. Nani angembishia? Kisha mtoto akamtapikia mapajani. Shangazi akacheka, akamvua kigauni.

Gari la masista lilipofika, akapanda na kigauni kile kichafu mkononi.

"Lete nikifue, Shangazi," mke wangu akamwambia.

"Niachie," akasema, akikikumbatia. "Hiki ni changu."