Saa Nzima kwa Baba

Pale kwenye chumba cha kufulia cha hoteli walimwita Dada Pasi, kwa kuwa kutoka asubuhi mpaka jioni kazi yake ilikuwa kunyoosha mashati ya wageni. Shati moja dakika nne: kola kwanza, mikono mwisho. Mtu aliyezoea kupima hivyo hadanganywi kirahisi na muda, ndiyo maana kadi za simu zilimpandisha hasira. Kadi inasema dakika tisini. Mwanamke wa ndani ya kadi, mwenye sauti ya asali, anarudia: una dakika tisini. Ikifika ya ishirini na mbili, kimya.

Wenzake walicheka. Rahisi ghali, walisema, ndivyo zilivyo. Yeye hakucheka. Baba yake, nyumbani mbali, alipatwa na kiharusi miezi michache baada ya yeye kuondoka, na sasa maneno yalimtoka moja moja, kwa taabu. Kila simu mzee alikuwa na jambo. Anaanza, anakwama, na kabla hajafika popote mdogo wake Dada Pasi, anayemshikia simu, anamalizia: "Anauliza utarudi lini." Halafu kadi inakata. Dada Pasi hakukubali hata siku moja kwamba ni hilo. Mtu mzima hang'ang'anii mwaka mzima swali alilojibiwa mara ishirini.

Isitoshe kulikuwa na salamu. Kwao simu ikiita, nyumba nzima hupanga foleni. Shangazi atauliza za kazi, za afya, za baridi, za majirani ambao hajawahi kuwatia machoni. Akimaliza anaanza upya, maana amesahau kama aliuliza. Baba, kwa kuwa ulimi wake ni mzito, huwekwa mwisho asicheleweshe wengine. Akifikiwa zimebaki dakika mbili, na dakika mbili kwa Baba ni za kuvutia pumzi tu.

"Atasema mpaka amalize," Dada Pasi alijiapia juu ya kola ya mgeni, na pasi ikatoa mvuke.

Miezi miwili alinunua kadi tofauti kila wiki, akipiga huku jicho lake liko kwenye saa. Aligundua wizi wa kila aina. Kuna iliyohesabu dakika tatu tatu, ukizungumza nne unalipia sita. Kuna iliyokupa namba ya bure ya kupigia kwanza ili uunganishwe, kumbe bure yenyewe inakula karibu nusu ya muda wako. Akajifunza kupitia namba ya mjini, kwenye simu ya ukutani katika korido ya nyumba aliyopanga, ambako namba za mjini hazikuongezewa malipo. Mwisho akaenda dukani, anajua anachotaka.

"Chukua hii yenye picha ya huyu anayecheka, dada," muuza duka alimwambia. "Haina makato ya kuunganisha. Wote wanachukua hii."

"Wote wanapiga mara tano kwa siku, dakika mbili mbili. Mimi napiga mara moja. Ile ya kijivu kule chini?"

"Ile? Aah. Ile ukiunganishwa tu inakumega, tena kipande kizuri."

"Ikishanimega?"

Muuza duka akakuna kichwa. "Inatulia. Dakika kwa dakika. Ila usiilaze, kila siku inayopita inajila yenyewe."

"Haitalala," alisema Dada Pasi.

Siku yake ya mapumziko, mchana, alikwangua namba ya siri kwa kucha, akakaa chini kwenye korido, mgongo ukutani. Dakika sitini na nane, alisema mwanamke wa asali. "Tutaona," alimjibu.

Shangazi ndiye aliyepokea.

"Shangazi, shikamoo. Leo naongea na Baba peke yake."

"Marahaba. Hata za huko hunipi?"

"Za huko nzuri. Mpe Baba."

"Umeota kiburi huko."

"Nimeota, Shangazi. Mpe Baba."

Pakawa na minong'ono, kiti kikaburutwa, kisha sauti ya mdogo wake: "Dada, anataka kuuliza uta—"

"Nyamaza, mdogo wangu. Mwekee simu sikioni, halafu nyote mtoke nje."

Wakatoka. Akabaki Baba na pumzi zake. "Siku..." alisema. Dakika ya tano: "Asubuhi..." Mpangaji mwenzake akaja akitaka simu, Dada Pasi akatikisa kichwa bila kumtazama. Mara kumi neno lilimjia mdomoni la kumsaidia mzee, na mara kumi alilimeza.

"Ulipo... ondoka."

"Ndiyo, Baba."

Baba hakuitaka ile safari. Wiki nzima kabla ya kuondoka hawakusemeshana, na hata baadaye, kabla ya kiharusi, mzee alikuwa haji kwenye simu. Alfajiri ya kuondoka, Dada Pasi alisimama na begi lake kwenye mlango wa chumba cha Baba, akamwamkia. Baba alikuwa amelala ameelekea ukutani. Hakuitikia. Dada Pasi akaondoka akijiambia kwamba mzee amelala, kwa sababu hilo lilikuwa jepesi kubeba.

"Nilikuwa... macho," Baba alisema. Ilikuwa dakika ya thelathini na moja.

Dada Pasi akaukandamiza mkono mdomoni.

"Ukanipa... shikamoo." Pumzi. Pumzi nyingine, ndefu. "Mimi... kimya."

"Baba, yameisha hayo."

"Ngoja," mzee alisema, na akangojwa. Kisha likamtoka lote, halikukwama popote:

"Marahaba, mwanangu."

Zilikuwa zimebaki dakika thelathini kasoro. Dada Pasi alilia dakika hizo zote, Baba naye akilia upande wa pili, na hakuna aliyekata simu.