Vijiko Hamsini

Mfagizi wa wodi ya watoto huketi dawati la mbele katika darasa la hesabu, sare yake bado imelowa magotini, na vidole vyake vilivyochubuliwa na dawa ya sakafu huibana penseli kama anayekamua kitambaa. Mtihani wa wasaidizi wa chumba cha dawa umemwangusha mara mbili, na mara zote alikwama palepale, kwenye lita na mililita. Siku hizi husoma kila swali kwa kunong'ona mara tatu, kisha huandika pembeni kwa herufi kubwa: lita moja ni mililita elfu moja. Wenzake humtania kwamba hata chai huipima. Hucheka nao, kisha huendelea kuandika.

Jana swali liliuliza chupa ya robo lita inatoa vijiko vingapi vya mililita tano. Alipata hamsini. Kitabu cha mazoezi kilisema ishirini na tano.

"Dada, fuata kitabu," mwalimu alimwambia kwa upole. "Pengine umekosea kubadili."

"Naomba nihakikishe, mwalimu. Kwa kijiko kama hicho siku moja nitampimia dawa mtoto wa mtu."

Akatoa mkobani chupa tupu ya dawa, ya robo lita, na kijiko chake cha mililita tano, akaijaza chupa maji bombani, akaanza kumimina kwenye bakuli, akihesabu kwa sauti ya chini isiyo na haraka. Alipofika ishirini na tano, nusu ya maji ilikuwa bado chupani. Hakuinua macho. Kijiko cha hamsini kilipojaa, chupa ilikuwa tupu.

Mwalimu akachukua kalamu, akakata jibu la kitabu. Mfagizi alikuwa ameshafungua ukurasa, ananong'ona swali linalofuata.